Kamera ya darubini iko uani, kompyuta iko sebuleni: naiunganishaje?

Nyota_ya_Meru:
Wakuu, naomba msaada. Kamera ni ZWO ASI533MC Pro, imefungwa kwenye darubini uani, mita 25 kutoka sebuleni. Kwenye mguu wa darubini kuna Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya Linux) yenye INDI, programu inayoongoza kamera na darubini, na ndani kuna laptopu ya Windows yenye KStars, programu ya anga ambayo ndani yake kuna Ekos ya kupigia picha. Pi inatumia Wi-Fi ya ruta ya nyumbani, 2.4 GHz. Kamera inaonekana, ila kila picha inachukua kama sekunde 12 kufika, na nyingine hazifiki kabisa, Ekos inasema upigaji umeshindikana. Umeme ukikatika, Pi inarudi na anwani nyingine ya IP. Je, nivute USB ndefu mpaka ndani? Na umeme wa 12 V nataka kuutoa ndani kwa waya wa milimita za mraba 1.5. Itafaa?

FundiKebo:
USB ndefu achana nayo. USB 3.0 ni ya kuaminika mpaka mita 3 hivi, baada ya hapo unaanza kununua matatizo. Pi iache hapo hapo ilipo, vuta kebo ya mtandao ya Cat6 mpaka kwenye ruta. Hiyo inafika mita 100.

Hesabu yenyewe ni hii: picha ya kamera yako ni 3008 × 3008 kwa baiti 2, yaani MB 18. Kufika kwa sekunde 12 maana yake unapata megabiti 12 tu kwa sekunde. Kwa kebo ya gigabiti picha hiyo hiyo inapita chini ya nusu sekunde. Tena USB 3.0 yenyewe hutoa kelele ya redio kwenye 2.4 GHz, kwa hiyo kamera ikianza kumwaga data, Wi-Fi ya Pi iliyo sentimita chache pembeni ndiyo inayoumia. Kama lazima ubaki na Wi-Fi, hamia 5 GHz na usiiweke Pi ndani ya boksi la chuma.

Kebo nunua ya shaba tupu yenye ganda jeusi la kuhimili jua. Madukani zimejaa za alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa wembe, ukiona weupe ndani irudishe. Vichwa bana pande zote mbili kwa mpangilio wa T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Gigabiti inataka jozi zote nne. Uzi mmoja wa jozi ya bluu au ya kahawia usipogusa, kebo inaweza kushuka hadi megabiti 100 na hutaambiwa. Kagua kwenye Pi kwa `ethtool eth0`, usome mstari wa Speed.

Kuhusu IP, ingia kwenye ruta, sehemu ya DHCP (inayogawa anwani za IP), uifungie Pi anwani moja kwa MAC yake, yaani namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao. Angalia usikosee: MAC ya eth0 (poti ya kebo) siyo ya wlan0 (Wi-Fi). Wengi wanafunga ile ya Wi-Fi, wanachomeka kebo, halafu wanashangaa anwani imebadilika. Kisha kwenye profaili ya Ekos chagua Remote, andika anwani hiyo na poti 7624.

Mhimili_2:
Mkuu FundiKebo amemaliza upande wa mtandao, lakini picha zinazoshindikana huenda hazihusiani na mtandao kabisa. Andika kwenye Pi:

`cat /sys/module/usbcore/parameters/usbfs_memory_mb`

Ukipata 16, anza hapo. Hiyo ndiyo kumbukumbu ambayo Linux inaruhusu kwa data ya USB, MB 16, na picha yako moja ni MB 18. Fungua cmdline.txt, ongeza `usbcore.usbfs_memory_mb=256` mwishoni mwa mstari ule ule (faili zima ni mstari mmoja, ukibonyeza Enter umeharibu), uwashe upya.

Cha pili ni umeme wa Pi. `vcgencmd get_throttled` ikikupa 0x0 uko salama. Ikisema 0x50005, volti zimeshuka sasa hivi. Pi 4 inataka 5 V na ampea 3, na poti zake zote za USB kwa pamoja zinatoa ampea 1.2 tu. Chaja ya simu haitoshi.

Tena kwenye Ekos, Upload iweke Local ili picha zibaki kwenye Pi, uzihamishe asubuhi. Mtandao ukikatika katikati ya usiku, picha zilizokwisha kupigwa hazipotei. Video za sayari ndiyo usijaribu kuzipitisha kwenye Wi-Fi: 640 × 480 kwa fremu 100 ni MB 30 kila sekunde.

Volti12:
Huo waya wa 1.5 hapana. Mita 25 kwenda na kurudi ni 50, upinzani karibu ohmu 0.6. Kipoza cha kamera, stendi yenye mota za kugeuza darubini na Pi vikivuta ampea 4 unapoteza volti 2.4, darubini inapata 9.6. Kipoza kitalegea na stendi itaanza kuruka hatua. Weka betri ya sola ya 12 V hapo hapo chini ya darubini, yenye fyuzi karibu na ncha ya chanya. Plagi ya kamera ni 5.5 × 2.1, chanya iko katikati. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka.

Na radi, jamani. Shaba ya mita 25 kati ya uani na nyumba inaweza kuua ruta na laptopu kwa pigo moja. Ukimaliza kazi chomoa kebo pande zote mbili. Masika darubini imefunikwa hata hivyo.

Nyota_ya_Meru:
Asanteni sana. usbfs ilikuwa 16 kweli, sasa picha zote zinafika. Ila ethtool inasema 100Mb/s, na vichwa nimebana upya mara mbili.

FundiKebo:
Basi ni ruta. Nyingi za majumbani zina poti za megabiti 100 tu. Nunua swichi ndogo ya gigabiti ya poti 5, chomeka Pi na laptopu humo, na kebo moja iende kwenye ruta. Picha zitapita ndani ya swichi bila kugusa ruta, na DHCP itaendelea kama kawaida. Laptopu nayo itumie kebo, Wi-Fi yake izime wakati wa kupiga.