Mrejesho: Onyo la Ufunuo 22:18–19 linahusu kitabu kipi?

Nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza kama onyo la Ufunuo 22:18–19, la kutoongeza wala kuondoa neno, linahusu Biblia nzima au kitabu cha Ufunuo peke yake.

Nilifuata ushauri wa kusoma aya hizo sambamba na Kumbukumbu la Torati 4:2, ambapo Musa anatoa katazo kama hilo, na hapo ndipo hoja ilipokaa sawa: kama katazo lile lingezuia maandiko yoyote mapya, basi Yoshua, Zaburi na manabii wote wasingekuwa na nafasi. Ufunuo nao unataja unabii wa “kitabu hiki”, yaani maono yaliyopelekwa kwa makanisa saba ya Asia, wakati vitabu 27 vya Agano Jipya vilikuwa bado havijakusanywa pamoja. Orodha ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, inayovitaja vyote ni ya mwaka 367.

Wengi katika kikundi chetu cha kujifunza Biblia walikubali. Ushauri wa kutumia historia ya nakala za kale haukunifaa sana, kwani niliposimulia kwamba mwanazuoni Erasmus, katika toleo lake la Agano Jipya la Kigiriki la 1516, alikosa ukurasa wa mwisho wa Ufunuo kwa Kigiriki akautafsiri kutoka Kilatini (aya hizi za onyo zikiwamo!), mjadala ulihamia kwenye uaminifu wa tafsiri na sikuweza kuurudisha. Mzee mmoja bado anashikilia kwamba onyo ni la Biblia nzima, akitegemea Mithali 30:6 (inayokataza kuongeza kwenye maneno ya Mungu), na swali lake kuhusu vitabu vya deuterokanoni (vilivyomo katika Biblia ya Wakatoliki lakini si ya Waprotestanti) sijalijibu.