Kesi ya leseni imefutwa mahakamani, tufungue mpya au ndo basi?

Mjaluba wa Nansio: Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu ni mtu wa maabara, kasoma kamaliza, alipoomba leseni baraza lao likamkatalia kwa barua ya mistari mitatu eti hajakidhi vigezo, kigezo kipi hawasemi. Tukaenda Mahakama Kuu hapa Mwanza wakili akaomba ule uamuzi upitiwe, ruhusa ikatoka, maombi yakafunguliwa, tangu hapo ni kuahirishwa tu, dogo akarudi Ukerewe kwenye dagaa na wakili simu hapokei. Juzi nimetuma mtu masjala anaambiwa ilishafutwa wiki tatu zilizopita, upande wetu hakutokea mtu. Tunaweza kufungua nyingine?

Bwiru Juu: Pole sana mkuu. Mawakili wengine wakishakula ya kufungulia hutawaona tena 😡

Karani Mstaafu: Mkuu usifungue mpya. Ruhusa ya maombi ya hivyo inaombwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utoke na hiyo kwenu ishapita zamani, utarudishwa mlangoni. Ombeni ile ile irudishwe, na muda ni siku 30 tangu amri itoke, sio tangu mlipopata habari, kwa hiyo zimebaki siku za kuhesabu. Kesho mtu achukue nakala ya amri. Kiapo aapie dogo mwenyewe, siku ile alikuwa wapi, nani alimpa tarehe, na karatasi ziambatane, kama alilazwa lete ya hospitali, kama meli haikutoka lete tiketi. Mkija na "wakili hakutuambia" peke yake majaji wameshaichoka hiyo, uzembe wa wakili mara nyingi hausaidii. Zikipita 30 kuna kuomba kuongezewa muda, ila hapo unaeleza kila siku uliyochelewa mpaka ya mwisho.

Mama Buhongwa: Yote sawa ila mi naomba kuuliza, hata mkishinda mnapata nini? Mahakama haitoi leseni, inafuta ule uamuzi na kuliamuru baraza likae upya basi. Na jaji hajasema dogo hafai, hata vyeti hajavifungua. Aandike barua baraza wamtajie kigezo kilichopungua, ajaze ombi jipya, aangalie na sheria ya taaluma yake kama ina njia ya rufaa. Asije tu akashika kazi ya maabara bila leseni wakati anasubiri, hapo atajitengenezea kesi ya kweli.

Karani Mstaafu: Mama umesema, afanye vyote viwili, barua haizuii maombi.

Mjaluba wa Nansio: Asanteni. Hela ya wakili mpya ndo hatuna kabisa.

Karani Mstaafu: Kuna msaada wa kisheria wa bure, sheria yake ipo tangu 2017, uliza hapo hapo mahakamani wakuelekeze au nenda kwa watu wa TLS (chama cha mawakili) Mwanza. Ila faili lako litoe kwanza kwa yule wa zamani, kwa maandishi, na ubaki na kopi iliyogongwa muhuri.

Mjaluba wa Nansio: Sawa mzee. Dogo anapanda meli ya asubuhi.