Mrejesho: usingizi uliokuwa hauji hadi saa nane usiku

Wakuu, niliuliza kwa nini usingizi hauji hadi saa nane usiku ilhali kuamka ni saa kumi na mbili. Ahsanteni sana, sasa unakuja saa tano tu usiku. Kilichosaidia zaidi ni jua la asubuhi: kukaa nje dakika 20 hadi 30 kabla ya saa mbili, barazani kabisa, maana mwanga wa ndani ni hafifu, haurekebishi saa ya mwili vizuri kama wa nje. Kahawa mwisho saa saba mchana. Baada ya masaa matano hivi, karibu nusu ya kafeini bado imo mwilini. Kitandani nendeni kope zikiwa nzito. Uchovu wa miguu peke yake si usingizi. Kinachoharibu ni kulala hadi saa nne Jumapili, usiku wake mtu anakodoa macho tena. Anayekoroma na kushtuka akihema amwone daktari.