Tupeane uzoefu: unapiga mashini na bidole ngapi?

Kijana_Birere (Goma): Bandugu, musimu ya kudefande memware, zile kazi za kumaliza inivesite, imefika, masekretaria (maduka ya kupigisha mashini) yote ya karibu na inivesite imejaa. Kuna kijana moja pale anapiga na bidole biwili tu, ya shahada peke yake, hata espasi anaipiga na shahada, na anapita bamama benye walisoma daktilo (kupiga mashini na bidole kumi). Sasa nauliza, nyinyi mulijifunza wapi na munapiga namna gani? Musifiche.

Mzee_Kadutu (Bukavu): Umenikumbusha komersiyale, ile shule ya biashara. Profu wetu wa daktilo alikuwa anafunika mikono yetu na karto ya sabuni, amekata tundu mbili, unaingiza mikono huoni kitu. Herufi za mustari wa katikati, QSDF kushoto, MLKJ kuume, saa nzima. Zile mashini za Olivetti zilikuwa nzito na kidole kidogo cha kushoto hakina nguvu, kwa hiyo A zote zinatoka hafifu, profu akishika karatasi anaangalia A mbele ya yote. Lakini mateso yenyewe ilikuwa stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea kopi nyingi. Pale unaondoa utepe, chuma inakata nta moja kwa moja, ukikosea unapaka ile verni nyekundu, unapuliza, unangoja ikauke, unarudilia pole pole juu yake. Mwaka wa mwisho nilipewa stensili ya mtihani wa shule nzima, prefe (mkubwa wa shule) amesimama nyuma yangu anaangalia saa, nimebakisha mustari moja, O ikakatika yote ikaanguka, pakabaki tundu, halafu tundu ikapasuka mpaka pembeni. Prefe hakusema neno. Alivua koti akaiweka ku kiti akanipa stensili ingine, nikaanza upya na yeye bado amesimama. Mpaka leo mutu akisimama nyuma yangu bidole binakauka.

Da_Katuba (Lubumbashi): Njo vile baba. QSDF MLKJ ata mu ndoto.

Mutoto_wa_Lushi: Bazee mutuache. Miye memware yangu yote niliandikaka ku telefone na gumba mbili, mu taksi, ku foleni, ku kitanda. Bidole kumi ni ya nini?

Mzee_Kadutu: Na majedwali ulifanya na gumba?

Mutoto_wa_Lushi: Majedwali nilipeleka ku sekretaria.

Mzee_Kadutu: Haya.

Mama_Himbi (Goma): Mimi ndiye wa sekretaria sasa, munisikie. Shida si hesabu ya bidole, shida ni azerti (ile klavie, mpangilio wa herufi, ya Kifaransa) na Kiswahili. A iko juu kushoto, W iko chini kushoto, na zote mbili ni za kidole kidogo kimoja. Andika "watu wa kwanza" uone yenye kinapata, kinapanda kinashuka kama mukuli wa Birere. Kifaransa hakikuumizi hivyo kwa sababu W karibu haipo. Nukta nayo mpaka ufinye Maj (ile ya herufi kubwa), tarakimu Maj. Nikipata kazi ya Kiswahili, Biblia ao nyimbo za koro, mimi naongeza bei kidogo na sioni haya.

Fundi_Kampemba (Lubumbashi): Mama uko na haki. Lakini zile mashini za kwerti (klavie ya Kiingereza) zenye zinatokea Afrika Kusini ni mubaya zaidi ku mukono yenye imezoea azerti. Unaandika barua kwa Madame inatoka :qdq;e. Neno la siri nalo linakataa, unaapa ni lenyewe, unafungiwa.

Kijana_Birere: 😂😂 :qdq;e

Sake_Express (Goma): Mimi nilijua kupiga bila kuangalia usiku moja tu, 22/5/2021, Jumamosi. Nilikuwa na memware ya mteja, anadepoze (anaipeleka inivesite) Jumatatu, daftari yake mwandiko wa muganga. Mbingu ikaanza kuwa nyekundu upande wa volkano Nyiragongo, watu wanabishana kama ni moto ya nyumba ao ni yeye, umeme ukakatika. Laptopu ilikuwa na betri kidogo, nikaweka tochi ya telefone mu meno nimulike daftari, kwa hiyo macho yako ku karatasi na bidole binatafuta vile vinundu vya F na J gizani. Nilienda kurasa nyingi hivyo, sijui hata namna gani. Kisha jirani akapiga mulango: lava imefika Buhene, pembeni ya muji! Nikachukua laptopu, nikaacha shajeri na daftari. Barabara ya mupaka ilijaa watu na magodoro, tukalala inje Gisenyi, Rwanda. Saa nane ya usiku telefone inalia, mteja. Haulizi kama niko muzima, anauliza: "Konklizio (ile sehemu ya mwisho) umeimaliza?" Tukarudi, ardhi inatetemeka kila saa, halafu 27/5 wakasema karti (mitaa) 10 kati ya 18 za Goma zihame, nikaenda Sake na laptopu ku mugongo. Konklizio alinisomea kwa telefone, anakumbuka kichwani, mimi napiga na bidole kumi ku jenereta ya kanisa, watoto wamezunguka.

Da_Katuba: Eeeh mama yangu.

Mutoto_wa_Lushi: Na daftari?

Sake_Express: Tuliikuta. Lava ilisimama mbele ifike kwetu.

Kijana_Birere: Na alikulipa?

Sake_Express: Kurasa zote isipokuwa konklizio. Anasema hiyo aliitunga kwa mdomo wake.

Mama_Himbi: Nipe jina lake inboksi, asikanyage kwangu.

Mwanasheria_Ibanda (Bukavu): Kisheria maneno ni yake, lakini bidole ni vyako.

Mama_Himbi: Wewe na sheria yako mukae huko.

Fundi_Kampemba: Turudi ku mada. Kuangalia klavie si dhambi. Mwenye macho anapita mwenye kujivuna.

Mzee_Kadutu: Si kweli. Tarehe 25/7/1888 kule Cincinnati, Marekani, walishindana kupiga mashini Frank McGurrin na Louis Traub. McGurrin alikuwa amekariri klavie ya Remington, macho ku karatasi tu, na akashinda. Tangu pale mashule ikaanza kufundisha hivyo.

Fundi_Kampemba: Yule kijana wa sekretaria na bidole biwili angemushinda.

Mzee_Kadutu: Umulete.

Kijana_Birere: Mimi nabakia na mbili. Na kidole kidogo kikiuma?

Mama_Himbi: Maji ya moto na chumvi.

Mwanasheria_Ibanda: Maji ya baridi. Ao piga W na kidole cha pete, nani atakukamata?

Mzee_Kadutu: Profu wangu angekukamata.

Da_Katuba: Na siye benye kucha ndefu? Naanza kazi ya sekretaria Kazi Moya (Jumatatu).

Mama_Himbi: Kata.

Da_Katuba: Ndoa ya yaya ni Posho (Jumamosi), siwezi kata.

Mama_Himbi: Basi lalisha mukono, upige na nyama ya kidole. Na usiguse klavie ya patron, itakwaruzika.