Naanza kupanga, nimebaki na laki nne: ninunue nini kwanza?

Wakuu, habari za jioni. Nimepata chumba kimoja Tabata, choo cha nje, tupo wapangaji wanne. Kodi ya miezi sita imekomba akiba yote, nimebaki na laki nne na begi la nguo. Natoka kwa mama mkubwa, hata kijiko sina. Nilipanga nianze na kitanda na tivii, mshikaji wangu anasema nimechanganyikiwa. Nianzie wapi?

Mzee wa Geto: Mshikaji wako yuko sahihi. Godoro kwanza, tandika juu ya mkeka, nani anakuchungulia? Chukua futi nne kwa sita, lile zito. Yale mepesi ya bei chee miezi mitatu tu yamekuwa chapati. Na chandarua! Mimi nilikimbilia kitanda cha sita kwa sita kutoka Keko bila kupima chumba. Mlango ukawa unafunguka nusu, miezi minane naingia ubavuubavu kama kaa.

Dada Mkubwa: Mdogo wangu, ndoo mbili zenye mifuniko na madumu ya lita 20, maana maji yakikatika utanikumbuka. Sufuria mbili, kisu, mwiko, basi. Mtungi wa gesi wa kilo 6, ule wa jiko linalokaa juu yake, unamtosha mtu mmoja. Ukishafunga, pakaa maji ya sabuni kwenye maungio. Yakitoa mapovu, gesi inavuja, usiwashe, rudisha dukani.

Fundi Mwiko: Badilisha kitasa kabla ya yote. Aliyehama huenda bado ana ufunguo.

Mtoa mada: Asanteni. Gesi naiogopa kidogo, jiko la umeme je? LUKU tunachangia, mita moja.

Mzee wa Geto: Usithubutu! Mimi nilichemsha maharage Jumamosi moja tu, jioni kikakaa kikao cha wapangaji, ajenda ni mimi. Tangu hapo uniti zikiisha mapema, "muulizeni wa maharage."

Dada Mkubwa: 😂 Feni hawatakusumbua. Mashuka na mapazia nenda Karume asubuhi, mtumba mzuri unawahiwa. Uyafue kwanza kabla ya kutumia.

Mtoa mada: Kesho alfajiri nipo Karume. Mwiko nimeshapata kwa mama mkubwa, ila kasema ni wa kuazima, anautaka kabla ya Idi.