Pampu ikizimwa bomba linapiga kishindo na soketi zinapasuka: presha hii inatoka wapi?

Msimamizi_Kisima

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwenye mradi wa maji wa kijiji. Pampu ni ya kuzama, iko kwenye kisima kirefu, na bomba ni GI (chuma kilichopakwa zinki) la inchi 3, mita 1,500 hadi kwenye tangi. Kutoka mdomo wa kisima hadi tangi tunapanda mita 60. Ndani ya kisima, maji yanashuka hadi mita 40 wakati wa kusukuma. Tunapata mita za ujazo 18 kwa saa. Bomba halipandi sawasawa: kufika mita ya 900 limeshapanda mita 50, halafu linakwenda karibu tambarare mpaka tangi.

Pampu ikifanya kazi, geji ya mdomo wa kisima inasoma bar 8.5, imetulia. Ikizimwa au umeme ukikatika, mshale unaanguka hadi sifuri, unakaa kidogo, kisha kishindo, na mshale unagonga mwisho wa geji ya bar 16. Soketi mbili za karibu na kisima zimeshapasuka na flenji ya chekivalvu (valvu inayozuia maji kurudi nyuma) inavuja. Chekivalvu ni ya ulimi. Fundi mmoja anasema tubadilishe chekivalvu tu, mwingine anataka tung'oe GI yote tuweke HDPE, bomba la plastiki. Karatasi ya pampu inasema hata ukifunga valvu kabisa haivuki mita 160 za kuinua maji. Sasa bar 16 zinatoka wapi?

Fundi_Mkavu

Mkuu, pampu haihusiki. Mita 160 ukitoa 40 za ndani ya kisima unabaki na mita 120 juu ya ardhi, yaani bar 12 hivi (mita 10 za maji ni kama bar 1). Zaidi ya hapo pampu yako haiwezi kabisa. Bar 16 zinatoka kwenye mwendo wa maji yenyewe. Hii ndiyo nyundo ya maji, wengine wanaiita wota hama.

Piga hesabu. Inchi 3 inabeba karibu lita 5 kwa kila mita, kwa hiyo bomba zima lina tani 7.5 za maji. Mita za ujazo 18 kwa saa ni lita 5 kwa sekunde, maana yake tani zote hizo zinatembea mita 1 kwa sekunde. Ukizisimamisha ghafla, habari ya kusimama haifiki kote kwa mara moja. Inasafiri kama wimbi, na kwenye bomba la chuma wimbi hilo linakwenda kama mita 1,250 kwa sekunde. Kanuni aliyoichapisha Zhukovsky mwaka 1898, baada ya majaribio kwenye mabomba ya maji ya Moscow, ni nyepesi: zidisha uzito wa maji, kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, kwa kasi ya wimbi, kwa badiliko la mwendo. 1,000 × 1,250 × 1 ni paskali 1,250,000, yaani bar 12.5. Hizo zinaongezwa au kupunguzwa kwenye presha iliyokuwepo.

Kwako zinaanza kwa kupunguzwa, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Pampu ikizima, maji yaliyo mbele bado yanakimbilia tangini huku nyuma hakuna anayesukuma, kwa hiyo presha inashuka. Toa 12.5 kwenye 8.5: umevuka sifuri. Presha haiwezi kushuka chini ya ombwe, kwa hiyo maji yanakatika na kuacha pengo la mvuke. Kilele cha mita ya 900, pale mpando mkali unapoisha, ndicho kitakachokatika kwanza, kwa sababu pale presha ya kazi haizidi bar 2. Kisha maji yanarudi, pengo linajifunga, pande mbili zinagongana, na ulimi wa chekivalvu, ambao ulichelewa kufunga, unabamizwa na maji yaliyokwisha kuanza kurudi. Vishindo ni viwili tofauti. Mtu mmoja akae kisimani na mwingine kileleni siku mnayozima, mtajua kipi kikubwa.

Mama_Valvu

Nakubaliana na Fundi_Mkavu, naongeza upande wa kazi.

Leo hii, bila kununua chochote: kabla ya kuzima, mwendesha pampu afunge geti valvu ya mdomo wa kisima polepole, halafu ndipo azime. Geti valvu ina hila yake. Mizunguko ya mwanzo haipunguzi maji karibu kabisa, robo ya mwisho ndiyo inayokata. Mizunguko ya mwanzo aende haraka, robo ya mwisho aipe dakika nzima. Wimbi lako linakwenda na kurudi kwa sekunde 2.4 (mita 3,000 gawanya kwa 1,250). Kufunga kokote ndani ya muda huo ni sawa na kufunga ghafla, na hata sekunde 5 bado ni haraka. Valvu ikishafunga azime mara moja. Mota ya kuzama inapozwa na maji yanayopita, msiiache inasukuma ukuta.

Hilo halikusaidii umeme ukikatika. Kwa hiyo hatua ya pili ni kileleni: wekeni valvu ya hewa ya inchi 1 kwenye mita ya 900. Chagueni aina inayoingiza hewa kwa wingi na kuitoa polepole. Ile ya kawaida inayotoa hewa haraka ni mbaya kuliko kukosa, kwa sababu maji yanarudi mbio, hewa inaisha, boya linajifunga kwa kishindo, na mmeanzisha nyundo nyingine palepale kwenye tundu.

Chekivalvu ya ulimi toeni, wekeni ya springi. Springi inaifunga mtiririko unapofika karibu na sifuri, kabla maji hayajageuka. Fundi wenu wa kwanza ana haki nusu: chekivalvu mpya itanyamazisha kishindo cha kisimani, haitagusa cha kileleni.

Pia angalieni kona. Bar 20 kwenye inchi 3 ni msukumo wa kama tani 1 kwenye kila ncha, na kwenye kona ya digrii 90 inafika tani 1.4. Kona isiyo na zege nyuma yake inacheza kila pampu inapozimwa, na uzi wa soketi unalegea taratibu hadi siku moja unaachia. Soketi zenu hazikupasuka siku moja.

Msimamizi_Kisima

Shukrani sana wakuu. Tumepewa bei ya mashine ya kuwasha na kuzima pampu taratibu. Muuzaji anasema ikiwekwa sekunde 10 tatizo limekwisha. Na HDPE je? Wanasema plastiki haina nyundo ya maji.

Fundi_Mkavu

Sekunde 10 za muuzaji si sekunde 10 za maji. Nguvu ya pampu kunyanyua inashuka kwa mraba wa kasi yake. Ili maji yafike tangini unahitaji mita 100 (40 + 60), na pampu isiyotoa maji inafika 160. Kipeuo cha pili cha 100/160 ni 0.79. Maana yake kasi ikishuka chini ya asilimia 79, kama hezi 39.5 kati ya 50 za umeme, hakuna tone linalotoka, mota inazunguka bure. Ukishusha kutoka hezi 50 hadi 0 kwa sekunde 10, maji yamesimamishwa ndani ya sekunde 2 tu, pungufu ya zile 2.4. Nunueni inverta (kifaa kinachobadilisha kasi ya mota) inayokubali mishuko miwili: kutoka 50 hadi 38 kwa sekunde 20 au 30, kisha kutoka 38 hadi 0 haraka. Usichelewe chini ya hezi 30, beringi ya kubeba mzigo kwenye mota za kuzama inategemea kasi ili ipate utando wa maji. Watengenezaji wengi wanataka eneo hilo lipitwe kwa sekunde 1 hivi. Na umeme ukikatika, inverta nayo imezimika. Valvu ya hewa bado mnaihitaji.

HDPE: nyundo ipo, ni ndogo tu. Ya milimita 90 PN16 (daraja la bar 16) ina tundu la ndani la milimita 73.6, mwendo unapanda hadi karibu mita 1.2, lakini wimbi linatembea kama mita 300 kwa sekunde kwa kuwa ukuta unatanuka. Nyundo inakuwa bar 3.5 badala ya 12.5. Msuguano unabaki uleule, kama mita 27. Nafuu kubwa, ila angalia mambo mawili. Kileleni mna bar 2 juu ya hewa na 1 ya hewa yenyewe, jumla 3. Nyundo ya 3.5 bado inaweza kukata maji pale. Na kwa sababu wimbi ni la polepole, kwenda na kurudi ni sekunde 10, kwa hiyo kufunga valvu kwa sekunde 8, ambako kwenye chuma kungepunguza kidogo, kwenye HDPE ni kufunga ghafla.

Dada_wa_Ghorofani

Samahani kuingilia. Nyumbani mashine ya kufulia ikikata maji, bomba ukutani linagonga. Ni kitu hichohicho?

Mama_Valvu

Ndiyo dada, ile valvu ya umeme ya mashine inafunga kufumba na kufumbua. Kaza kwanza vibano vya bomba, nusu ya kelele ni bomba kupiga ukuta. Kisha weka kopo la kuzuia nyundo lenye pistoni, palepale kwenye koki ya mashine, si kwenye mita. Kile kipande cha bomba kilichosimamishwa na kuzibwa juu kinafanya kazi miezi michache tu. Hewa yake inayeyuka ndani ya maji, kinajaa, na kelele inarudi hadi ukimwage upya.

Msimamizi, mkiamua kuweka tangi la presha lenye mpira pale kisimani, pimeni hewa yake likiwa tupu, na iwe chini ya bar 6 za bomba lililotulia. Ikizidi 8.5 hakuna maji yatakayoingia, na pampu ikizima halitakuwa na cha kutoa. Leteni mchoro wa mwinuko wa bomba ndipo tuseme lita ngapi.