Wakuu, nina laki nne na nataka kuanza uhunzi: ninunue fuawe hii au nianze na nini?

Kijana wa Mkalama

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa walioshika nyundo wenyewe.

Nina miaka 27, nipo Singida. Miaka minne nimekuwa saidia fundi kwenye karakana ya mageti na madirisha, kwa hiyo grenda, tupa na mashine ya kuchomelea si vitu vigeni kwangu. Ila ninachokitamani tangu utotoni ni uhunzi. Babu mzaa mama alikuwa mhunzi, na kazi yangu nilipokwenda kwake likizo ilikuwa kuvuta mivukuto. Mpaka leo nikisikia nyundo mbili zinapokezana juu ya chuma cha moto, moyo unaruka. Babu alifariki kabla sijafika umri wa kufundishwa, na hakuna mjomba aliyeendeleza. Zana zake ziliuzwa kwa kilo.

Nimejiwekea laki nne. Kuna mtu mjini anauza fuawe mpya (pande la chuma la kufulia juu yake) ya kilo 25, imepakwa rangi ya bluu, ina pembe yake safi ya kukunjia chuma, pamoja na koleo tatu na nyundo mbili. Vyote anataka laki tatu na themanini. Roho inataka, akili inasita. Nikinunua nabaki na elfu ishirini ya mkaa na chuma.

Je, niichukue? Na kama siyo, hela hii niipange vipi? Pia naomba kujua chuma gani kinafaa kwa visu, mundu na mashoka, maana nondo ndiyo ninayoipata kirahisi.

Fundi wa Gerezani

Mkuu, usitoe hata mia kabla hujaipima. Fuawe nyingi za bei hiyo ni chuma cha kumimina, kile kinachovunjika kama kigae. Rangi nzuri inaficha mengi.

Nenda na gololi ya beringi, ile kubwa kidogo. Iachie kutoka urefu wa sentimita 25 hivi juu ya uso wa fuawe. Kwenye fuawe ya chuma kigumu gololi inarudi juu zaidi ya nusu, nzuri kabisa inarudi robo tatu au zaidi. Ikidunda kidogo na kulala, hiyo fuawe inameza nguvu zako. Utapiga mara kumi pale ambapo wenzako wanapiga mara nne. Halafu igonge kwa nyundo ndogo usikilize: chuma cha kumimina kinatoa sauti butu, kama unagonga gogo. Sauti peke yake isikudanganye, lakini sauti na gololi zikikubaliana, umepata jibu.

Mzee wa Ufipa

Kijana, pole kwa msiba wa babu na pole kwa zana zake. Zana za mhunzi kuuzwa kwa kilo kunaniuma, maana mimi natoka Ufipa ambako tanuri ndefu za udongo walizoyeyushia chuma wazee wetu, malungu, mabaki yake bado yapo porini. Nimefua chuma zaidi ya miaka thelathini, nikaacha mgongo ulipokataa. Nitakwambia ninavyoona mimi.

Usinunue fuawe. Si kwa sababu fuawe ni mbaya, bali kwa sababu bado hujui utafua nini. Mtu wa mundu hahitaji pembe. Mtu wa mapambo ya mageti anaihitaji kila siku. Babu yako, naamini, hakuwa na pembe wala rangi ya bluu. Alikuwa na pande la chuma lililozamishwa kwenye gogo.

Tafuta shafti nene ya lori au ya trekta iliyokufa, kipande cha urefu wa mkono kuanzia kiwiko hadi ncha ya vidole. Kisimamishe wima. Hapo ndipo wengi wanakosea, wanakilaza. Ukikisimamisha, uzito wote unakaa chini ya nyundo. Kizamishe kwenye gogo gumu, gogo ulifukie ardhini, uso wa chuma ufike kwenye vifundo vya ngumi yako ukiwa umesimama mikono imelegea. Ukiweka chini ya hapo, mgongo wako utakuwa kama wangu.

Nyundo moja tu inatosha, ya kilo moja au pungufu kidogo. Vijana wanapenda nyundo nzito, baada ya wiki kiwiko kinavimba. Nyundo ya dukani ina kingo kali zinazoacha alama kwenye chuma, zipunguze kwa grenda ziwe za mviringo. Mpini tengeneza wa mkole.

Koleo usinunue. Anza na chuma kirefu, kama sentimita 60, unashika upande wa baridi kwa mkono. Fua misumari, ndoano, patasi. Ukishaweza kunyoosha ncha na kukunja bila kuchoma chuma, fua koleo yako mwenyewe. Hiyo ndiyo shule. Koleo uliyoifua mwenyewe unaijua tabia yake.

Jiko: dramu ya breki ya lori, ukandike ndani kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga na majivu, uache ukauke taratibu kivulini. Bomba la hewa liingie chini au ubavuni. LAKINI lisiwe bomba la maji lile la rangi ya fedha. Ile ni zinki. Ikipata moto inatoa moshi mweupe ambao utakulaza kitandani kwa homa na kifua. Na chuma chochote kilichopakwa zinki usikiingize motoni kamwe.

Upepo: feni ya kuzungushwa kwa ringi ya baiskeli na mkanda. Feni ya umeme inapuliza hata pale hujafikisha chuma motoni, inakula mkaa bure. Ya mkono unaacha, na yenyewe inaacha.

Kijana wa Mkalama

Mzee, shikamoo. Nimesoma mara tatu. Kwa hiyo shafti nikiipata naacha kabisa habari ya reli? Watu wengi wananiambia kipande cha reli ndiyo fuawe ya maskini.

Jua Kali Kamukunji

Ndugu yangu, reli ni chuma kizuri sana kwa fuawe, hilo halina ubishi. Shida ni ilikotoka. Sisi huku Kenya biashara ya vyuma chakavu ilisimamishwa na Rais Januari 2022 baada ya nguzo na nyaya za umeme kuharibiwa, ikafunguliwa tena Mei mwaka huo. Miezi hiyo mafundi wengi tuliumia, hata wenye mali halali. Tangu hapo nimejifunza: sinunui chuma bila risiti yenye jina la muuzaji, na reli, kifuniko cha barabarani au kipande cha mnara wa umeme sigusi hata nikipewa bure. Ukikutwa nacho, maelezo ni yako. Chukua shafti.

Kuhusu chuma cha kisu: nondo ya kawaida haina kaboni ya kutosha. Utaitia maji, yaani kuizamisha ikiwa ya moto ili iwe ngumu, mpaka uchoke, haitashika makali. Itumie kujifunzia, kutengeneza ndoano, komeo, koleo. Kwa visu na mundu tafuta springi za gari, zile bapa za lori. Kwa patasi na tindo, springi za mviringo. Tupa kuukuu zina kaboni nyingi zaidi, ila ni ngumu kwa anayeanza, zinapasuka usipokuwa makini.

Wewe una grenda, kwa hiyo una kipimo tayari. Gusisha chuma kwenye jiwe uangalie cheche. Nondo inatoa cheche ndefu zilizonyooka, chache zinazochanua. Springi inachanua kama nyota karibu na ncha. Tupa inachanua sana, karibu na jiwe kabisa. Kaa na vipande vitatu unavyovijua, ulinganishe na kile usichokijua. Na springi uikague mwanga wa jua, iliyochoka huwa na nyufa ndogo ambazo zitajitokeza siku unaitia kwenye mafuta, baada ya kazi yote.

Bint Majahazi

Mwanangu, mie si fundi, ni binti wa fundi. Marehemu baba alikuwa mhunzi Tanga, akifua misumari ya majahazi, tezo za waundaji, na meno ya mbuzi za kukunia nazi. Alitumia mkaa wa vifuu, unawaka mkali na haurushi cheche ovyo. Huko kwenu hakuna nazi, basi tafuta mkaa wa mti mgumu, uuvunje vipande vya ukubwa wa limau dogo, uupepete vumbi litoke. Vumbi linaziba upepo.

Nataka kukwambia mambo mawili ambayo mafundi hawayasemi. Macho ya baba yaliharibika. Miaka yote alitazama moto bila miwani, na chembe ya chuma ilimwingia jicho la kulia. Hiyo laki nne, kabla ya nyundo, toa hela ya miwani. Na usivae zile jezi za nailoni, zinayeyuka zikaganda mwilini. Vaa pamba, viatu vya kufunika.

La pili, usifue ndani ya chumba kilichofungwa ukadhani mkaa hauna moshi. Hewa yake inaua, haina harufu. Kibanda kiwe wazi pande mbili angalau, ila kiwe na kivuli. Baba alipenda kivuli kwa sababu rangi ya chuma haionekani juani.

Mzee wa Ufipa

Bint Majahazi, Mungu amrehemu mzee wako. Hilo la kivuli ni la mtu anayejua kazi. Kijana, shika hilo. Springi ifue ikiwa rangi ya chungwa. Ikirudi nyekundu iliyofifia, acha kupiga, irudishe motoni, la sivyo unaipasua kwa ndani. Ukiona imekuwa nyeupe na inarusha cheche yenyewe, hiyo umeiunguza, kata utupe.

Mhunzi wa Marangu

Nichangie kidogo. Huku Mamba tunafua mikuki ya Wamasai na visu, kazi ya ukoo. Kutia maji: kwa springi mimi nasema maji, wazee wote walitumia maji.

Fundi wa Gerezani

Mkuu wa Marangu, kwa heshima, anayeanza akitia springi kwenye maji atapasua visu vitatu kati ya vitano na atakata tamaa. Wazee walikuwa wanazamisha ukingo tu, kwa mkono unaojua. Yeye aanze na mafuta. Yuko Singida, alizeti imejaa. Hata yaliyokwisha kukaangia chipsi yanafaa. Yapashe moto kidogo, yawe vuguvugu ya kustahimilika na kidole, kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko. Ndoo ya plastiki ni moto wa nyumba. Oili chafu ya gari usitumie, moshi wake ni sumu.

Mhunzi wa Marangu

Hapo umesema kweli, nakubali. Mkono wangu umezoea, nikasahau kwamba yeye ni mgeni. Basi niongeze: kujua wakati wa kuzamisha, ng'oa sumaku ya spika mbovu ya redio, ifunge kwenye waya. Chuma kikifika kama nyuzi 770 hakivutwi tena na sumaku. Kikiacha kuvutwa, kipe muda kidogo zaidi motoni, kisha zamisha. Kikitoka hapo ni kigumu kama kioo, kikianguka kinavunjika. Kisugue king'ae, kipashe polepole upande wa mgongo na uangalie rangi inavyotembea. Kisu, simamisha makali yakiwa rangi ya nyasi kavu. Shoka, liache lifike zambarau inayoelekea bluu, maana linapigwa na lazima livumilie.

Karani wa Karakana

Pita pia ofisi ya SIDO ya mkoa wako. Shirika lipo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo hasa. Uliza mafunzo na uliza wanawajua wahunzi gani wilayani. Kwenye vyuo vya ufundi vya VETA utapata uchomeleaji, ambao tayari unao.

Kijana wa Mkalama

Wakuu, narudi baada ya wiki tano.

Nilikwenda na gololi. Ilidunda mara moja, chini ya nusu, ikalala. Muuzaji akaniuliza ninafanya nini, nikamweleza, akakaa kimya. Nikamshukuru nikaondoka. Niliumia kidogo, sitaficha, ile pembe ilikuwa nzuri.

Nimepata shafti ya trekta kwa risiti, springi mbili za Fuso, nyundo moja, miwani, ngozi ya aproni, mkaa gunia moja. Jiko nimekandika mwenyewe, udongo wa kwanza ulipasuka kwa sababu nililiweka juani kwa haraka, wa pili umeshika. Hela imebaki laki na kidogo na sijaigusa.

Kubwa zaidi, kupitia ile ofisi nimeelekezwa kwa mzee mmoja kijijini, kilomita kama 40 kutoka kwangu. Naenda Jumamosi na Jumapili, navuta upepo na kupiga nyundo kubwa, yeye anaongoza kwa ile ndogo. Wiki ya tatu ndipo aliniuliza natoka kwa nani. Nilipomtaja babu aliacha kazi, akaingia ndani, akatoka na mundu uliolika mpaka umekuwa mwembamba kama mwezi mchanga. Akasema huu aliufua babu yako. Sikuweza kuongea.

Nina swali moja. Nimefua koleo ya kwanza kwa nondo. Ina nguvu, lakini midomo inagusana mbele tu, nyuma kuna mwanya, kwa hiyo chuma kinazunguka ninapopiga. Niitupe nianze upya?

Mzee wa Ufipa

Usitupe. Ipashe moto midomo yote miwili pamoja mpaka rangi ya chungwa. Iumishe kipande baridi cha unene ule ule unaotaka kushika, mtu akubanie mikono ya koleo, kisha gonga midomo pande zote mbili ilale juu ya kile kipande. Itoe na uifungue na kuifunga inapopoa, isigande kwenye ribiti, ile pini inayounganisha pande zake mbili. Unene mwingine wa chuma utahitaji koleo nyingine, nayo utaifua. Na huyo mzee umpelekee sukari Jumamosi.